Setilaiti ya Uhuru na Elimu ya Kuzunguka

Mhadhara uliotolewa Frere Town, Kisauni, Mombasa



Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya angani vinavyojizungusha, jinsi vinavyoelekezwa na jinsi vinavyotulizwa. Na kwa kuwa jambo hili likisemwa kijumla hukauka likabaki hesabu tupu, nimeona afadhali nilifunge katika chombo kimoja, nacho ni kile kilichorushwa kutoka pwani yetu hii hii tarehe 12 Desemba 1970, katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake, na Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi ule katika kituo cha Goddard cha shirika la NASA la Marekani, akakipa chombo chake jina la Uhuru, ilhali katika daftari za serikali yao kilikuwa kimeandikwa SAS-1 tu. Mbele ya wenyeji wa Frere Town, mji uliopigwa msingi mwaka 1875 uwe makao ya watu waliokombolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa, sioni haja ya kulitetea jina hilo.

Yafaa kwanza kueleza kilichowaleta wageni wale Ngomeni. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma na wenzake Waitaliano walisimamisha baharini majukwaa mawili ya chuma, miguu yake imekita mchangani, moja likiitwa San Marco, la kurushia roketi, na la pili Santa Rita, la mafundi waliohesabu na kuamuru. Na setilaiti ya kwanza kuondoka hapo ilipaa tarehe 26 Aprili 1967. Mahali hapo ni karibu digrii tatu kusini ya ikweta. Ardhi yenyewe hapo inazunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa zaidi ya mita 460 katika kila sekunde, na roketi inayorushwa upande huo huupata mwendo huo bure. Lakini kwa Uhuru faida kubwa zaidi ilikuwa nyingine: chombo kinachoizunguka dunia juu ya ikweta, kwa kimo cha kilomita 550 hivi, huepukana na sehemu kubwa ya chembe za umeme zilizonaswa katika sumaku ya dunia, ambazo zingalivipofusha vipimo vyake mara kwa mara. Na vipimo hivyo ndivyo vilivyokuwa roho ya safari yote, maana chombo kilitumwa kutafuta mbinguni miale ya eksirei, ambayo hewa yetu huinyonya yote kabla ya kutufikia huku chini.

Roketi iliyokibeba iliitwa Scout, nayo ilikuwa na hatua nne. Hatua ya mwisho haikuwa na usukani wa namna yoyote. Mafundi waliiweka juu ya meza inayozunguka, na kabla ya kuiwasha wakaizungusha kwa kasi kwa viroketi vidogo vilivyopangwa ubavuni, kusudi kosa lolote la moto kutoka upande kidogo ligawanyike kuzunguka pande zote na hatimaye lijifute lenyewe. Ndiyo kusema kwamba kila setilaiti iliyopandishwa na Scout ilifika juu tayari ikizunguka kwa kasi, itake isitake, na jambo la kwanza lililotakiwa ni kuipunguza kasi hiyo. Dawa iliyozoeleka ni ya ajabu kwa urahisi wake: vipande viwili vidogo vya chuma hufungwa kwenye ncha za kamba zilizoviringishwa kiunoni mwa chombo, vikiachiliwa hukunjuka na kutupwa nje, na kadiri kamba inavyorefuka ndivyo vinavyoupokonya mwili wa chombo mzunguko wake, kisha kamba zikachomoka na vipande vikaenda zao na mzunguko ule vilioupokonya.

Sasa, kwa nini kuzunguka kukaleta utulivu? Chombo kilichoko angani hakina pa kukanyaga wala pa kushika. Nguvu ndogo ndogo hukisukuma pasipo kukoma: mvuto wa dunia unaouvuta upande ulio karibu kuliko ulio mbali, mabaki ya hewa nyembamba, nuru ya jua yenyewe, ambayo ina msukumo wake, na sumaku ndogo inayozaliwa na nyaya zake za umeme. Nguvu hizi ni hafifu mno, lakini hakuna kinachozipinga, na chombo kisichozunguka huanza kugeuka taratibu hata kisijulikane kinatazama wapi. Mtoto wa Kisauni achezaye pia anajua nusu ya jawabu. Pia iliyolala haisimami kwa ncha yake hata ukiibembeleza mchana kutwa. Ikifungwa uzi na kurushwa, husimama wima, na mtoto akiigusa ubavuni haianguki upande aliougusa, bali kichwa chake huenda upande mwingine kabisa, kwa pembe mraba, na kikaanza kuchora duara polepole hewani. Sababu ni kwamba kitu kinachozunguka hubeba akiba ya mzunguko, ambayo ina kipimo chake na ina upande wake, na akiba hiyo haiongezeki wala haipungui wala haigeuki ila kwa nguvu ya kuigeuza inayotoka nje. Nguvu hafifu ikikumba akiba kubwa, mhimili husogea kidogo sana. Ikikumba akiba ndogo, huusogeza sana. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, nayo imefahamika tangu zamani.

Nusu ya pili ndiyo iliyowaadhibu mabingwa. Ninayo hapa mkononi sanduku la kibiriti, limejaa, nimelifunga kwa uzi lisifunguke. Lina pande tatu za urefu mbalimbali, kwa hiyo lina mihimili mitatu. Nikilirusha nikilizungusha kwa mhimili unaotoboa uso wake mpana, ule wenye picha, mnaona linarudi mkononi picha ikiwa bado inatazama juu. Nikilizungusha kwa mhimili unaofuata urefu wake, linarudi vile vile kwa adabu. Lakini nikilizungusha kwa mhimili wa tatu, ule wa kati, tazameni: limepinduka hewani, na picha iliyokuwa juu imekuja chini. Nikilirusha tena litapinduka tena, wala si kwa udhaifu wa mkono wangu. Kitu chochote chenye mihimili mitatu isiyolingana hakikubali kuzunguka kwa ule wa kati. Basi mtu angedhani kwamba ile miwili iliyobaki ni sawa, na aliyejenga chombo chembamba kirefu akakizungusha kwa urefu wake amefanya salama.

Hivyo ndivyo walivyodhani waliounda Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, iliyorushwa tarehe 31 Januari 1958. Ilikuwa kama mita mbili kwa urefu na unene wa sentimita 15 tu, nayo ilizungushwa kwa mhimili wa urefu wake, mamia ya mizunguko kwa dakika. Kiunoni ilikuwa na nyaya nne za kupitishia habari, laini, zenye kunyumbuka. Haikumaliza hata mzunguko mmoja wa dunia kabla ya kuanza kujitupa kichwa kwa miguu, nayo ikabaki hivyo. Hakuna aliyeisukuma. Kilichotokea ni kwamba kila ilipoyumba kidogo, zile nyaya zilinyumbuka, na katika kunyumbuka zilipata joto, na joto likapotea. Nishati ya mzunguko ikawa inavuja, ilhali akiba ya mzunguko, kwa kuwa hakuna nguvu ya nje, ilibaki kamili. Sasa hesabu inasema hivi: nishati ni akiba ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa mara mbili ya ugumu wa kitu kuzungushwa. Akiba ikiwa ile ile na nishati ikipungua, sharti ugumu uongezeke. Na chombo hakina njia ya kuongeza ugumu wake ila kwa kuhamia mhimili ulio mgumu zaidi, yaani ule wa sanduku langu unaotoboa uso mpana. Ronald Bracewell wa Chuo Kikuu cha Stanford na Owen Garriott waliyaandika hayo mwaka 1958 huo huo. Tangu hapo kaida ikawa kwamba chombo cha kuzungushwa kiwe kipana kuliko kirefu. Na ndiyo maana Syncom 2, setilaiti ya simu iliyorushwa Julai 1963, ambayo kwayo Rais Kennedy alizungumza na Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa wa Nigeria mwezi uliofuata, ilikuwa na umbo la pipa fupi nene.

Mimi huona kwamba somo la Explorer 1 halikupata heshima inayolistahili. Watu husema mzunguko hutuliza, na husema kweli. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza nishati ya kule kuyumba inakwenda wapi, na swali hilo ndilo linaloamua kama chombo kitatulia au kitapinduka. Ukisha kuliuliza, uvujaji ule ule uliomharibia kazi mjenzi wa 1958 huwa mtumishi wako: mahali unapotaka utulivu unaweka kitu cha kuvujisha kwa makusudi. Vitulizaji hivi vina sura nyingi. Kimojawapo ni kipande cha shaba kilichotundikwa kibembee kati ya sumaku. Chombo kikiyumba shaba hubembea, umeme huzaliwa ndani yake, umeme ukageuka joto, na kuyumba kukaisha.

Sasa turudi kwa Uhuru. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, na kilibeba macho mawili ya eksirei yaliyopeana migongo, moja likitazama kwa dirisha jembamba la nusu digrii kwa digrii tano, na la pili kwa dirisha la digrii tano kwa tano. Riccardo Giacconi na wenzake wa kampuni ya American Science and Engineering, waliobuni macho hayo, hawakutaka chombo kisimame kikakodolea mahali pamoja. Wao walikuwa wamekwisha kuonja faida ya mzunguko: mwezi Juni 1962 walirusha roketi ndogo iliyokaa nje ya hewa kwa muda wa dakika chache tu, na kwa kuwa ilikuwa ikizunguka yenyewe, macho yake yaliipitia mbingu mara nyingi, na kila mara yalipopita kundi la nyota la Nge yalihesabu miale mingi. Hiyo ndiyo nyota ya kwanza ya eksirei nje ya jua kujulikana. Basi walichotaka mara hii ni mzunguko huo huo, ila wa polepole: mzunguko mmoja katika dakika 12, yaani nusu digrii kwa sekunde, upana wa mwezi mpevu. Nyota ikiingia dirishani hesabu ya miale hupanda, ikifika katikati hufikia kilele, ikitoka hushuka. Na ukijua chombo kilikuwa kimeelekea wapi katika sekunde ile ya kilele, umejua nyota iko wapi. Mzunguko, ambao katika vyombo vingine ni wa kutuliza tu, hapa ulikuwa ndio kazi yenyewe.

Lakini hapo palizuka taabu ambayo msikilizaji makini amekwisha kuiona. Mzunguko mmoja kwa dakika 12 ni wa polepole mno, akiba yake ni kidogo mno, na nguvu zile hafifu zingaliupeperusha mhimili huku na huku. Taka upesi upate utulivu ukose macho. Taka upole upate macho ukose utulivu. Waliojenga mwili wa chombo, katika maabara ya Applied Physics Laboratory ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, waliitatua kwa kugawa kazi: ndani ya chombo wakatia gurudumu dogo lililozunguka kwa kasi, mhimili wake sambamba na mhimili wa chombo. Akiba ya mzunguko ikawekwa ndani ya gurudumu, mahali isipoonekana, na mwili uliolizunguka ukaachiwa kwenda taratibu kwa kadiri wanafalaki walivyotaka. Wapo wanaoistaajabia roketi kwa moto wake na kelele zake; mimi naliona gurudumu hili kuwa ndilo lililostahili kustaajabiwa, nalo halikuwa hata na nafasi ya kuonekana.

Kisha palibaki kuuelekeza mhimili. Dirisha pana liliona ukanda wa mbingu wa digrii tano tu katika kila mzunguko, na ili kuikagua mbingu yote ilibidi mhimili wenyewe usogezwe kila baada ya muda. Kwa mafuta? Mafuta huisha. Walitumia sumaku ya dunia. Koili ya waya ikipitishwa umeme huwa sumaku, na sumaku hutaka kulala sambamba na sumaku ya dunia. Katika kutaka huko hukisukuma chombo, na umeme wa kuilisha hutoka kwenye mabawa yanayopokea jua. Nguvu yake ni kidogo, lakini hapana haraka. Kuna kizuizi kimoja ambacho hakina ujanja: sumaku haiwezi kukizungusha chombo kuuzunguka mstari wa sumaku ya dunia wenyewe, ila kwa pembe mraba nao tu. Chombo kinachopita ncha za dunia huona mstari huo ukigeuka kila upande njiani, na kisichowezekana sasa kitawezekana baada ya nusu saa. Lakini juu ya ikweta mstari huelekea kaskazini karibu safari nzima, na kilichookoa ni kwamba sumaku ya dunia wakati ule ilikuwa imeinama kama digrii 11 na mhimili wa dunia, hata mstari ukabadilika japo kidogo. Ikweta iliyotupa anga safi ilidai malipo yake katika usukani. Kwa hiyo fundi aliyetoa amri kutoka chini alipaswa kuhesabu mapema saa gani ya safari koili ipi iwashwe, na kwa muda gani, na akumbuke tabia ile ya pia, kwamba mhimili hauendi unakosukumiwa bali kwa pembe mraba. Macho madogo ya kutazama nyota na jua ndiyo yaliyomwambia kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Habari zilizokusanywa ziliteremshwa kwenye kituo cha Quito, nchini Ecuador, ambako nako ni ikweta.

Na matunda? Kabla ya Uhuru nyota za eksirei zilizojulikana zilikuwa makumi machache. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina 339. Chombo kiliweza kupunguzwa kasi kikatazama kitu kimoja kwa muda mrefu zaidi, na kwa njia hiyo ilionekana kwamba Centaurus X-3 ilikuwa ikipiga kila sekunde 4.84, na Hercules X-1 kila sekunde 1.24. Tazameni jambo hilo: hizo nazo ni nyota za nyutroni zinazojizungusha, zikivuta hewa ya moto kutoka kwa nyota wenza. Kitu kinachozunguka kiliwatambulisha wenzake wanaozunguka. Cygnus X-1 haikupiga kwa mpango, bali ilimetameta ovyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Na Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, walipoipima nyota mwenza wake wakaona kwamba kisichoonekana kina uzito usiofaa kwa nyota ya nyutroni, na hivyo jina la shimo jeusi likatoka katika karatasi za hesabu na kupata mahali mbinguni. Kazi ya Uhuru ilikoma Machi 1973. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sitakaa sana juu ya vyombo vya simu, ila kuna jambo moja la kusema, kwa kuwa mwaka ule ule wa 1970 kituo cha Longonot kule Bonde la Ufa kilifunguliwa ili Afrika Mashariki izungumze na dunia kwa njia ya setilaiti za Intelsat. Setilaiti za wakati ule, Intelsat III, zilikuwa mapipa yanayozunguka, lakini juu yake palikuwa na sahani iliyozungushwa kinyume kwa kasi ile ile, hata ikabaki inaitazama dunia. Anthony Iorillo wa kampuni ya Hughes aligundua kwamba katika chombo cha namna hiyo kitulizaji kikiwekwa kwenye sehemu isiyozunguka, hata chombo chembamba kirefu, kile kile kilichokatazwa baada ya Explorer 1, kinaweza kutulia. TACSAT, iliyorushwa Februari 1969, ilithibitisha. Kaida haikuvunjwa, ilisomwa kwa makini zaidi, kwani iliyotamkwa 1958 ilihusu kitu kinachozunguka chote kwa pamoja.

Ghuba ya Ungwana ilituma wengine. Ariel 5 ya Waingereza ilipaa tarehe 15 Oktoba 1974 ikizunguka mara kumi hivi kwa dakika, na SAS-3 tarehe 7 Mei 1975, ambayo iliweza kusimamishwa kabisa ikatazama mahali pamoja. Roketi ya mwisho kutoka San Marco iliondoka tarehe 25 Machi 1988, ikabeba setilaiti ya Waitaliano.

Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Ilikuwa mchemraba wa sentimita kumi. Wanafunzi waliopo hapa watambue kwamba umbo la namna hiyo linaleta suala jipya kabisa, maana mchemraba una mihimili mitatu iliyo karibu kulingana, wala hakuna mmoja ulio mgumu kupita wengine ambao chombo kingeukimbilia. Sanduku langu la kibiriti halina la kutufundisha hapo. Kwa vyombo kama hivyo njia iliyoenea ya kuondoa kule kujitupatupa baada ya kuachiliwa ni kupima, kila mara, jinsi sumaku ya dunia inavyoonekana kubadilika kwa mtu aliyekaa ndani ya chombo, kisha kuwasha koili kwa namna ya kuyapinga mabadiliko hayo. Haihitaji kujua chombo kimeelekea wapi, haihitaji kuona nyota wala jua. Na kwa kuwa kila msukumo unakwenda kinyume cha mzunguko, nishati hupungua hatua kwa hatua. Programu yake ni mistari michache tu, na walio tayari kubaki nitawaandikia ubaoni, nikianza na alama ya kutoa, ambayo wengi huisahau, na chombo kikaishia kuzunguka kwa kasi zaidi.